Mizizi Nayo Inapumua: Tujifunze Kuchagua Udongo wa Ndoo na Gunia

BUSTANI YA NYUMBANI

 

Mwezi huu tunaanza kwa kuomba msamaha. Kabla ya mvua kubwa kuanza, tuliandika hapa hapa kwamba mwenye kuhamisha miche ya nyanya, biringanya au pilipili aijazie ndoo yake udongo mweusi wa bondeni. Tulisema udongo ule una nguvu, na yeyote anaweza kuona namna mboga za bondeni zinavyonawiri. Watu walitusikiliza. Vijana walishuka na magunia, akina mama walipandisha udongo mlimani kichwani. Halafu mvua ikanyesha wiki tatu, na nyanya zikaanza kulala moja moja.

Mama moja wa kartie ya juu alikuja kutuona. Yeye alikuwa ametoa maharage ya mgao wake ili apate miche kumi na mbili. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Akasema: "Mulituambia tutie udongo mweusi, tukatia. Sasa nyanya zote zimekufa. Watoto wangu wakule nini?"

Hatukuwa na jibu. Kwanza tulidhani ni ugonjwa. Aliyetufumbua macho ni mzee mmoja, na aliyemfumbua mzee ni ua.

UA LILILOZIKWA

Kijana mmoja wa kikundi chetu aliona mkulima mwenyeji anakata mti uliozeeka. Juu ya tawi lake kulikuwa na ule mmea unaoota juu ya miti, wenye maua ya manjano na madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Wengi wetu tuliotoka Fizi, Uvira na kule milimani tunaufahamu kwa macho. Watu wa vitabu wanauita okidi, na jina lake la kitaalamu ni Ansellia africana. Kijana aliomba, akapewa, akauleta nyumbani kwa furaha. Akaupanda kwenye ndoo ya udongo mweusi, akaukandamiza vizuri, akaumwagilia kila asubuhi.

Baada ya mwezi majani yakawa ya njano. Mzee mmoja jirani akapita, akaangalia, akacheka sana. "Mwanangu, huyu hakulala chini hata siku moja katika maisha yake. Mumemuzika."

Tukautoa. Mizizi iliyokuwa myeupe na migumu ilikuwa imegeuka kahawia, laini, ukiivuta ganda linatoka na kubaki kamba. Na ule udongo wa chini ya ndoo ulinuka kama tope la mfereji. Hapo ndipo mmoja wetu akasema: "Kumbe hii ndiyo harufu ya ndoo za nyanya!" Tukaenda kwa yule mama, tukamwaga ndoo zake chini mbele yake. Harufu ile ile, mizizi ile ile. Nyanya hazikuuawa na mdudu wala na mchawi. Zilikosa hewa. Na aliyezinyima hewa ni ushauri wetu.

Yule mama tulimrudishia miche kutoka kitalu cha kikundi. Lakini wako wengine ambao hawakuja kulalamika, walinyamaza tu. Ndiyo maana tunaandika haya.

KWA NINI BONDENI INAKUBALI, NDANI YA ndoo INAKATAA

Mzizi unakunywa maji, unakula chakula, na pia unapumua. Katika udongo mzuri kuna vijitundu vidogo vidogo baina ya chembe. Mvua ikinyesha maji yanavijaza, kisha yanashuka, na hewa inaingia nyuma yake. Maji yakibaki mle ndani siku nyingi, hewa haipati njia, mizizi inadhoofika, na wadudu wa kuozesha wanapata kazi. Hapo mmea unanyauka huku udongo umelowa. Wengi tukiona mmea unanyauka tunaongeza maji, yaani tunamzamisha aliyekwisha kuanza kuzama.

Sasa mtatuuliza: mbona bondeni zinanawiri? Angalieni vizuri wakulima wenyeji wanavyofanya. Wanainua matuta, na kati ya tuta na tuta wanachimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Wao wanajua tabia ya udongo wao. Siye tulichukua udongo tukaacha mfereji.

Tena ndoo si shamba. Shambani maji yanashuka chini yanavyotaka. Ndani ya ndoo yanafika kwenye sakafu na kusimama, hata kama kuna matundu. Sehemu ya chini ya ndoo hubaki imelowa kila mara kuliko ya juu. Ndoo ikiwa fupi, sehemu hiyo ndiyo karibu nyumba yote ya mizizi. Kwa hiyo udongo unaofaa shamba unaweza kuwa mzito mno kwa ndoo. Wa ndoo lazima uwe mwepesi zaidi na wenye vijitundu vikubwa zaidi.

Lile ua la juu ya miti linatuonyesha jambo hili kwa wazi kabisa. Mizizi yake mingine inashika gome, na mingine inasimama juu kama miiba, imekusanyika mithili ya kikapu. Majani makavu yanayoanguka yananaswa humo, yanaoza pole pole, na mmea unapata chakula. Mvua inanyesha, inapita, upepo unakausha. Mmea ule unajitengenezea udongo wake wenyewe: chakula kidogo, maji yanayopita, hewa nyingi. Nyanya inataka chakula na maji zaidi ya hapo, lakini hewa inaitaka vile vile.

USICHAGUE KWA RANGI, CHAGUA KWA MAJI

Kosa letu lilikuwa kutazama rangi. Udongo mweusi unapendeza macho. Lakini swali la kwanza la udongo wa ndoo ni hili: maji yakiingia, yanafanya nini? Kabla hujapanda, fanya majaribio matatu haya. Hayadai hata faranga moja.

Jaribio la mkono. Chukua udongo uliochanganya, uloweshe kidogo, ufinye kwenye ngumi, fungua. Ukimwagika wote kama mchanga, hautashika maji. Ukibaki donge gumu ambalo hata ukiligusa kwa kidole halivunjiki, ni mzito. Ukibaki donge, na ukiligusa linapasuka vipande vipande, huo ndio.

Jaribio la kopo. Toboa kopo chini matundu matano au sita. Jaza udongo wako, acha vidole viwili juu. Mwagia kikombe kimoja cha maji ili utulie, subiri kidogo, mwagia kikombe cha pili, uanze kuhesabu polepole. Kwa kipimo chetu, maji yawe yamezama kabla hujafika sitini, na yaanze kudondoka chini. Yakisimama juu kama dimbwi, rudi ukachanganye upya. Yakipita mbio yote kama kwenye chujio, ongeza mbolea iliyooza.

Jaribio la chupa. Hili ni la kujua udongo wa kiwanja chako ni wa namna gani. Weka udongo hadi theluthi ya chupa nyeupe, jaza maji, tikisa sana, uiache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, juu yake udongo laini, na ule wa mfinyanzi utakuwa wa mwisho kutulia. Ukiona tabaka la mfinyanzi ni kubwa kuliko yote, usiutumie peke yake ndani ya ndoo.

VITU TULIVYO NAVYO HAPA KAMBINI

Tuvipitie kimoja kimoja, maana kila kimoja kina wema wake na ubaya wake.

Udongo mwekundu wa kiwanjani. Chukua ule wa juu, penye majani yaliyooza, si ule wa shimo la choo wala wa shimo la matofali. Usichukue karibu na mfereji wa bafu, penye sabuni, wala mahali palipotupwa betri za redio, wala kando ya choo hata kama kimefukiwa.

Udongo mweusi wa bondeni. Hatusemi uutupe. Ukiutumia, uwe sehemu moja tu kati ya sita, na uusage usiwe na madonge. Ukikauka hupasuka na kukata mizizi midogo, ukilowa hukaba. Kwa kiasi kidogo unasaidia kushika maji wakati wa kiangazi.

Mchanga. Uwe ule wa chembe kubwa, unaosikika ukisugua vidoleni. Mchanga laini kama unga unaziba vijitundu badala ya kuvifungua. Na jihadharini: ukitia mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hupati udongo mwepesi, unapata tofali. Mfinyanzi unalainishwa na mbolea iliyooza kwanza, mchanga baadaye.

Mbolea ya mbuzi, ng'ombe, sungura na kuku. Hapa ndipo haraka inapotuponza. Mbolea mbichi ni moto, inaunguza mizizi, na tena inaweza kubeba vijidudu vya magonjwa ya tumbo mpaka kwenye mboga. Iache ioze kwa miezi mitatu au zaidi, ukiigeuza na kuilowesha, na kuifunika isinyeshewe. Iliyoiva utaijua: haina harufu ya zizi, ukitia mkono ndani si moto, na majani yake huyatambui tena. Ya kuku ni kali kuliko zote, tia nusu ya kiasi cha ile ya mbuzi.

Mbolea ya takataka za jikoni. Maganda ya ndizi na ya muhogo, majani ya maharage, nyasi, yote yanafaa yakishaoza. Ndiyo inayofanya udongo uwe mwepesi na ushike maji kwa wakati mmoja. Familia isiyo na mbuzi isijione maskini, kwani shimo la takataka nyuma ya nyumba ni mali.

Makala. Vile vipande vidogo vinavyobaki chini ya gunia la makala, ambavyo tunavitupa, vinafaa sana. Chagua vya ukubwa wa punje ya mahindi au maharage, pepeta utoe unga wake. Vinaweka nafasi ya hewa na havikandamiziki upesi. Havina chakula kingi, kwa hiyo vichanganye kwanza na mbolea iliyooza, uviache wiki mbili vinywe, ndipo utumie.

Majivu. Yana faida, lakini ni kama chumvi kwenye sombe. Konzi moja kwa ndoo nzima inatosha. Ukizidisha, mmea unashindwa kupata vyakula vingine vilivyomo udongoni. Majivu ya mahali palipochomwa plastiki usiyatumie kabisa.

Maganda ya karanga, ya mpunga, na unga wa mbao. Vinaleta hewa, lakini vikiwa vibichi vinapooza vinamnyang'anya mmea chakula, na majani yanakuwa ya njano. Vitupie kwenye shimo la mbolea kwanza.

KIPIMO CHA NDOO NA BIDONI

Pimia kwa kopo moja lile lile, lolote ulilo nalo.

Kwa ndoo au bidoni iliyokatwa, ya nyanya, biringanya au pilipili: makopo matatu ya udongo wa juu, makopo mawili ya mbolea iliyooza, kopo moja la mchanga wa chembe kubwa au vipande vya makala. Kama udongo wa kwenu ni mfinyanzi sana: makopo mawili ya udongo, mawili ya mbolea, moja la mchanga na moja la makala.

Kwa kitalu cha miche midogo: makopo mawili ya udongo uliochekechwa, moja la mbolea iliyooza vizuri, moja la mchanga. Mche mdogo hautaki chakula kingi, unataka mahali laini pa kupitisha mzizi.

Kwa gunia la lengalenga, sukuma na vitunguu: mchanganyiko ule ule wa ndoo, na katikati nguzo ya mawe. Chukua kopo lililotolewa chini na juu, lisimamishe katikati, jaza mawe ndani na udongo pembeni, kisha livute juu uendelee mpaka gunia lijae. Nguzo ile inashusha maji yafike kila upande. Matundu ya ubavuni uyapishanishe, yasiwe kwenye mstari mmoja.

Tahadhari moja tuliyochelewa kuijua: kuweka tabaka la mawe chini ya ndoo hakusaidii maji kutoka. Maji husimama ndani ya udongo ulio juu ya yale mawe, na mizizi inapungukiwa nyumba. Bora utoboe matundu ya kutosha, uyafunike kwa kipande cha chungu au majani makavu ili udongo usitoke, na nafasi yote iwe ya udongo mwepesi. Nguzo ya gunia ni jambo jingine, ile inasimama toka juu mpaka chini.

Chombo kilichokuwa na rangi ya ukuta au dawa ya kuua wadudu usikipandie chakula, hata ukikiosha mara kumi.

KUHAMISHA BILA KUUMIZA

Mwagilia mche saa chache kabla. Ufanye kazi jioni, jua likishapoa. Toa mche na udongo wake, usivute kwa shina. Weka mchanganyiko mpya chini na pembeni, gonga ndoo taratibu ili utulie, usikandamize kwa ngumi kama mwenye kupiga tofali. Nyanya unaweza kuizika shina kidogo, itatoa mizizi mipya hapo. Mimea mingine ibaki kwenye kimo kile ilichokuwa. Acha vidole viwili au vitatu juu kwa ajili ya maji. Mpe kivuli siku nne au tano.

Sasa tuseme ukweli wote. Udongo mwepesi unakauka upesi kuliko mzito, na siye tunajua foleni ya bomba. Kwa hiyo funika juu kwa nyasi kavu, na tumia maji ya kuoshea mchele au mboga. Maji yenye sabuni usiwape miche. Kabla ya kumwagilia ingiza kidole: ikiwa chini ya juu kabisa bado kuna unyevu, bidoni lako la leo libaki kwa ajili ya watoto.

UDONGO WA MWAKA JANA

Wengi wanatuuliza kama udongo wa zamani utupwe. Hapana, lakini usirudishwe hivi hivi. Mbolea iliyokuwemo imekwisha kuoza ikawa laini, vijitundu vimefungwa, ndiyo maana gunia lililojaa mwaka jana leo limeshuka. Wenye kufuga okidi nao huhamisha mmea kwa sababu hiyo: gome likisagika kuwa unga, hewa inakwisha. Mwaga udongo wako chini, toa mizizi ya zamani, uanike juani, kisha ongeza makopo mawili ya mbolea na moja la makala kwa kila makopo manne ya udongo huo.

Lakini angalia kwanza mmea wa mwisho ulikufa na nini. Kama nyanya ilinyauka ghafla ikiwa bado kijani, kata shina karibu na chini, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi kama maziwa zinashuka, ni mnyauko wa bakteria. Udongo huo usipande tena nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo, wala usimpe jirani. Upande vitunguu au kabichi. Kama hakuna maziwa, na udongo unanuka tope, basi ni hewa, kama ilivyotupata sisi.

MAJIBU KWA WASOMAJI

Baba moja anauliza: "Siye tulifika mwaka 2025, hatuna mbolea wala mbuzi, na miezi mitatu ni mingi. Tupande nini sasa?" Baba, anza na lengalenga. Inakomaa upesi na haitaki ndoo ya kina kirefu. Tafuta udongo wa juu chini ya miti, penye majani yaliyooza yenyewe, kwa ruhusa ya mwenye mahali. Na leo hii anzeni shimo la takataka, ili msimu ujao ukukute tayari. Kikundi kina mbolea iliyoiva ya kutosha makopo machache kwa kila familia mpya, mje na kopo lenu.

Mtoto wa shule anauliza: "Lile ua lilikufa?" Halikufa. Tulikata mizizi yote iliyooza, tukaacha mitatu mizima. Tukaliweka ndani ya kopo lenye matundu mengi, bila udongo hata kidogo: vipande vya makala vya ukubwa wa karanga na vipande vya gome kavu la mti. Tunalimwagilia mizizi ikiwa myeupe kama fedha. Ikishakunywa inakuwa kijani, basi tunaacha. Limetoa chipukizi moja. Lakini msiende msituni kuyang'oa. Biashara ya okidi za porini kuvuka mipaka imewekewa masharti na mkataba wa mataifa, na msitu wa wenyeji wetu nao una sheria zake. La tawi lililokwisha kuanguka, omba kwanza.

Mama moja anauliza kama tutamlipa miche yake. Mama, kitalu kipya kimeoteshwa, kwa udongo tuliojaribu kwa kopo mbele ya watu. Kila familia iliyopoteza nyanya kwa ushauri wetu ije na ndoo yake, itapata miche minne na mbolea ya ndoo hiyo. Si yote mliyopoteza, tunajua. Ndiyo tuliyo nayo.

Na mtu akija kwenu na ushauri wa bustani, hata akiwa ni sisi, mwambieni: lete kopo, lete maji, tuone kwanza.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi mbegu za lengalenga. Mbaki na amani.

Ni sisi, kikundi cha Bustani ya Nyumbani